Nati za Datsun

Umoja, Nairobi
7 Februari 1999

Mama yangu Mutheu,

Hapa nyumbani tunapumua, na kama nanyi huko Botswana mnapumua, basi tumshukuru Mungu kwa hilo kabla hatujaanza kulalamika. Mkaza mwana wako Ndete, aliyekuzaa, anakusalimu. Anasema tangu Krismasi mavyaa wake hajamwandikia hata mstari, na mavyaa wa kweli, yule susu, mama yangu mzazi uliyepewa jina lake, angalau alikuwa akituma mtu aje kumgombeza. Wale walimu wenzako wanaocheka kusikia mzee akimwita binti yake mama, waambie sisi jina hatulitoi kwa mapambo.

Usishangae kuona taipu. Ni ile niliyopewa nilipostaafu kazi kule stoo. Imekaa juu ya kabati ikila vumbi, nikasema ngoja niitumie kabla haijawa ya panya.

Mguu wa Ndete bado. Kidonda kinajifunga juu, chini kinaoza, ndiyo sukari hiyo. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba kikikosa kusafishwa mara mbili kwa wiki, mguu utakatwa. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa tuko barabarani na ile Datsun yangu, alfajiri, kabla foleni ya kliniki haijajaa. Barabara ziliharibiwa na mvua ya mwaka juzi na hakuna aliyezigusa. Pancha zimekuwa kama chai, hazikosi.

Mumeo Javan hajambo? Barua zako tatu za mwisho hazimtaji.

Sasa neno lenyewe. Nilimwona Mhindi mmoja Industrial Area akifungua nati za tairi kwa mashine ya mkononi. Haina waya, inatumia betri. Anaiweka kwenye nati, inapiga kelele tatatata, nati imetoka. Nasikia huko kwenu maduka ya Afrika Kusini yanazo. Naomba uniangalizie moja inayofaa mtu wa kutengeneza gari lake nyumbani, si ya gereji kubwa. Na ukiwa dukani uijaribu kwa mkono wako huo wa kushoto. Nataka kujua kama inashikika hivyo pia.

Ni mimi,
Baba yako na mwanao, Nzivo


Francistown
10 Machi 1999

Baba,

Mimi ni mzima, ila joto la huku linatupika bila sufuria. Natumaini nyinyi mko salama. Mwambie Mama mavyaa wake ana mitihani ya kusahihisha hadi juu ya kitanda, asinune. Barua yako imechukua wiki tatu. Nilipoona taipu nilidhani ni serikali inanidai kitu.

Mguu wa Mama unaniumiza nikiwa mbali hivi. Tafadhali msikose siku hata moja.

Lakini Baba, hebu niambie. Wewe ndiye uliyekuwa ukifungua nati za ile Datsun ukiimba wimbo wa kanisa, na ubeti wa pili haukufika. Leo unataka mashine? Mama amekucheka? Au ni kwa sababu umeiona kwa Mhindi? Nakutania, lakini nataka kujua, maana hizi mashine zinatofautiana na sitaki kukuletea pambo.

Nijibu haya. Nati zako ni namba ngapi? Na mbona usichukue ya waya? Mwalimu mmoja hapa, anaitwa Patrobas, mtu wa Kakamega anayependa vyuma kuliko watu, ananiambia ya waya ina nguvu zaidi na haizeeki haraka. Ya betri, betri ikifa umebaki na chuma tu. Halafu kwa nini mkono wa kushoto? Wenye mashoto ni mimi na marehemu Susu. Wewe hata chumvi ukipitishiwa kwa kushoto ulikuwa unaiacha mezani.

Mimi mama yako na binti yako,
Mutheu


Umoja, Nairobi
2 Aprili 1999

Mama yangu Mutheu,

Sisi wazima. Leo ni Ijumaa Kuu na Ndete amekataa kanisa la asubuhi, anasema mguu unamvuta. Tumekaa ndani tukisikiliza ibada kwenye redio ya jirani.

Ya waya haifai. Pancha hainipati sebuleni. Inanipata pale mzunguko wa Donholm, saa kumi na mbili kasoro, na sijaona mahali pa kuchomeka plagi pale.

Nati ni namba ishirini na moja. Mashine isizidi uzito wa pakiti ya unga ya kilo mbili.

Umeuliza kwa nini nataka mashine. Ni Wahome, yule wa pancha hapa Mutindwa. Huyo bwana hafungi nati kwa mikono. Anaweka spana, anapanda juu yake kwa miguu miwili, anaruka. Anaruka, mama! Kila nati. Ukimuuliza anasema, mzae, tairi ikichomoka barabarani utanilaumu mimi. Ukweli ni kwamba akishafunga hakuna mwingine wa kufungua ila yeye, na yeye saa hizo za alfajiri bado amelala kwake Kayole. Waziba pancha wote wa upande huu ni hivyo hivyo. Basi hiyo ndiyo sababu.

Nimechoka kidogo siku hizi, si sana. Hujanijibu kuhusu Javan.

Nzivo


Francistown
23 Mei 1999

Baba,

Salamu zangu kwako na kwa Mama. Samahani nimechelewa. Shule imekuwa na mambo, na nyumba nayo imekuwa na mambo. Javan yuko.

Tulikwenda dukani na Patrobas, Mafikeng, ng'ambo ya mpaka Afrika Kusini, siku za mapumziko. Mwenye duka ni Kaburu mzee mwenye kofia ya soksi, na nilipomwambia natafuta kwa niaba ya baba yangu, alitoa zote akazipanga kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo nzuri, lakini mdomo wake ni mwembamba, ni ya misumari ya skrubu, nati ya gari ingeicheka. Ya pili ni dubwana. Ina nguvu kweli, ila niliishika nikasema Baba Yetu kimoyomoyo, kabla sijafika kwenye mkate wetu wa kila siku nilikuwa nimeirudisha kwenye kaunta. Ya tatu ni ya katikati, volti kumi na mbili, mdomo wa nusu inchi, na ukiishika ni kama ile pakiti yako ya unga ikiwa imepungua ugali mmoja.

Akaniruhusu nijaribu kwenye pikapu ya duka. Nilishika kwa kushoto. Kitufe cha kugeuza, kufunga na kufungua, kiko mahali ambapo kidole kinakifikia upande wowote. Nati zilitoka kabla sijamaliza kuogopa! Mzee wa duka akasema hiyo inatosha gari dogo lolote, mradi nati zimefungwa kwa kipimo cha kitabu. Akaniuliza anayefunga ni nani. Nikamwambia ni fundi wa kawaida. Hiyo ya Wahome kuruka niliiamini nusu tu, maana nakujua ukianza kumsema mtu.

Kwa hiyo nimechukua ya tatu, na betri ya akiba. Sikiliza vizuri. Soketi nilizoweka ni zile nene nyeusi, usitumie zako za kung'aa, zinaweza kupasuka zikakurukia usoni. Plagi ya huku ina meno makubwa ya mviringo, ikate uweke ya kwetu, umeme ni ule ule. Betri itumie, usiiache tu ikae. Ikikaa inajimaliza yenyewe.

Patrobas anakuja nyumbani likizo ya Agosti, atakuletea mlangoni. Baba, wewe uko sawa kweli? Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi kama ya benki.

Mutheu


Umoja, Nairobi
29 Agosti 1999

Mama yangu Mutheu,

Mgeni wako alifika, akala, akashiba, akaongea habari za vyuma mpaka Ndete akasinzia kitini. Mashine imefika salama. Ni nzuri mno. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza.

Tumeiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, katikati ya vikombe vya wageni na picha yako ya mahafali. Ndete ameishonea kitambaa, cha waridi chenye kingo nyeupe, anasema kitu kilichotoka kwa mavyaa hakikai uchi. Pasta alipotutembelea aliiombea. Majirani wamekuja kuiona na wote wamekubali kwamba umesoma.

Inafanya kazi vizuri. Nimeijaribu kwenye boliti za kitanda.

Umeme umeanza kukatwakatwa tena, wanasema mabwawa yamekauka.

Nzivo


Francistown
20 Septemba 1999

Baba,

Habari za huko. Huku salama.

Boliti za kitanda! Kitanda chenu kinapata pancha Donholm? Toa hicho kitu kwenye kabati leo. Mwambie Mama kitambaa ataishonea redio. Sikubeba kile chuma kutoka Mafikeng kikaombewe na pasta, nilikileta kifungue tairi ili Mama afike kliniki. Betri imeshakufa hapo ndani ya kitambaa, naapa. Ichaji upya, uende nje, ufungue nati ya gari, uniandikie ilikuwaje.

Na kuna jambo lingine. Patrobas amerudi, nikamuuliza habari zenu. Akasifu chapati za Mama, akasifu nyumba, halafu akarudi kwenye vyuma vyake. Nilimbana siku mbili ndipo akasema, mwalimu, baba yako ana neno na mimi? Nikauliza neno gani. Akasema, alinisalimu kwa mkono wa kushoto, nilipofika na nilipoondoka.

Baba yangu mimi, amsalimu mgeni kwa kushoto? Wewe uliyenifukuza sebuleni nikiwa darasa la tatu kwa kumpa shangazi kikombe kwa kushoto, ndipo Susu akakukemea mbele ya watu kwamba huo ni mkono wake na usimguse?

Nimezitoa barua zako za mwaka huu nikazipanga. Taipu. Taipu. Taipu. Pakiti ya unga. Jaribu kwa kushoto.

Mkono wako wa kulia una nini? Nakuuliza kama Mutheu yule mkubwa. Usinijibu habari za umeme.

Mutheu


Francistown
31 Oktoba 1999

Baba,

Wiki sita. Nimepiga simu kwa jirani yenu mara nne, inalia tu kisha inakatika.

Nina hasira na nina hofu na sijui ipi ni kubwa. Andika hata neno moja, au mwambie Mama aandike. Siwezi kusahihisha, siwezi kula.

Mutheu


Umoja, Nairobi
14 Novemba 1999

Mama,

Huu mwandiko unaouona ni wa mkono wangu wa kushoto. Umenichukua jioni tatu na bado unafanana na wa mtoto wa nasari. Taipu nimeirudisha juu ya kabati.

Sisi tuko hai, mguu wa Ndete bado uko, na nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta.

Mkono wa kulia ulikufa Januari. Niliamka asubuhi nikautafuta sikuupata. Mdomo nao ulivutwa kidogo kisha ukarudi. Nikamwambia Ndete nimeulalia. Sikwenda kwa daktari, maana nilijua atakachosema, atasema mzee usiendeshe gari. Na nisipoendesha nani atampeleka mkaza mwana wako kliniki? Mguu ukatwe kwa sababu ya mkono wangu? Nikaona nitafunga mdomo. Usukani nilikuwa naushika kwa kushoto, na gia nikibadilisha naubana usukani kwa goti. Usinigombeze sasa, nigombeze ukimaliza kusoma. Kilichonishinda kilikuwa nati tu. Nilisema nikipata hiyo mashine hakuna atakayejua kitu.

Barua yako ya Septemba ilipofika niliikalia. Lakini niliitoa mashine kwenye kabati kama ulivyoagiza, nikaichaji, nikaiweka kwenye buti na kitambaa chake.

Juzi Ijumaa, Donholm, mvua. Pancha ya mbele, upande wa Ndete. Nikatoa mashine, nikaiweka kwenye nati, nikabonyeza. Tatatata, tatatata. Nati haikusogea hata unywele. Nikajaribu ya pili, ya tatu, zote nne. Wahome, mama! Sikuwa natia chumvi. Yule mtu alikuwa ameruka. Mashine ikaanza kunung'unika betri ikiisha, nikaweka ile ya akiba, hali ni ile ile.

Nikachukua spana nikaivuta kwa kushoto, ikateleza, nikaanguka kwenye matope. Nikabaki nimekaa hapo. Watu wanapita na miavuli. Nikaona nimefika mwisho, nguvu sina, akili sina, na kliniki inaanza kuita namba. Nilichoka kiasi kwamba nililia, Mutheu. Mbele ya watu wa Donholm.

Ndete akafungua dirisha. Akaniuliza, kuna nini? Nikamwambia, Ndete, mkono umekufa. Akanitazama vile anavyomtazama muuza nyama. Akasema, Nzivo, kwani unadhani nakufunga vifungo vya shati kila Jumapili kwa sababu ya mapenzi? Anajua tangu Januari! Zile siku za kukataa kanisa, mguu haukuwa unamvuta. Alikuwa ananipumzisha nisiendeshe. Na mimi nilikuwa naendesha nikidhani nampumzisha yeye.

Halafu akashuka. Nikamwambia, rudi ndani, kidonda. Hakunisikia, huyo si mtu wa kusikia. Akaniambia, weka spana. Nikaiweka, mpini ukilala upande wa kushoto, nikaongeza lile bomba refu la kwenye buti. Akashika ukingo wa paa la gari, akapanda juu ya bomba kwa ule mguu mzima, ule wa kidonda unaning'inia hewani. Nati ikakataa. Akasema, na wewe panda, unangoja nini? Nikapanda nyuma yake, nikamshika kiunoni kwa mkono huu mmoja. Sisi wazee wawili, tumesimama juu ya spana kando ya barabara, mvua inatunyeshea, makanga wa matatu wanatupigia mbinja. Ndete akasema, moja, mbili, ruka.

Tukaruka. Ikalia kwaa! nikajua tumeivunja. Kumbe imefunguka. Na uzito wa mkaza mwana wako unaujua, hajawahi kuuficha. Nati zote nne tulizirukia hivyo, na kila ikilegea naweka mashine, tatatata, iko mkononi. Hapo ndipo nilipojua ulichagua vizuri. Kosa halikuwa lako wala la yule Kaburu. Nilifunga tairi ya akiba kwa hiyo hiyo mashine, na kliniki tulifika wa mwisho lakini tulisafishwa.

Tukiwa pale nesi akaniona nikishika karatasi kwa kushoto. Ndete akamwambia kila kitu, hakunipa hata nafasi ya kukohoa. Nimepimwa. Nina dawa za presha. Nimekatazwa gari, kama nilivyojua.

Jumamosi nilikwenda Mutindwa kwa Wahome. Nilikuwa nimepanga maneno makali, lakini nilipomfikia nikamwonyesha mkono tu. Akashika kichwa. Mzae, si ungesema tu? Akalegeza nati za tairi zote, akazisugua kwa brashi ya waya, akapaka grisi kidogo, akanipa nizifunge mwenyewe kwa mashine. Sasa zinafunguka kwa amri yangu. Na kuanzia Jumanne hii, kila siku ya kliniki atakuja kwetu alfajiri, atatuendesha kwenda na kurudi, kisha ataenda kufungua kazi yake. Nimemkataza kuruka, ameapa.

Hayo ndiyo niliyoyaficha. Niliogopa ungeacha kazi na mumeo uje. Na mimi niliona ulikuwa na ya kwako uliyokuwa huniambii.

Sasa nina shida moja ndogo. Nikiandika, kiganja kinapita juu ya wino na kuufuta, karatasi yote imekuwa moshi kama unavyoiona. Wewe na Susu mlikuwa mnafanyaje? Karatasi mnailaza upande gani?

Mwanao,
Nzivo


Francistown
5 Desemba 1999

Mwanangu Nzivo,

Salamu baadaye. Nimesoma barua yako nimesimama jikoni, nikalia, nikacheka kwa kile kifungo cha shati, nikalia tena. Sina nguvu ya kukugombeza. Mama atafanya hivyo kwa niaba yangu, na wewe utakubali.

Karatasi ilaze mshazari, kichwa chake kielekee kulia. Mkono ukae chini ya mstari, usiuzungushe juu kama ndoano. Kalamu ishike mbali kidogo na ncha yake. Na usiharakishe, wino unataka muda wa kukauka. Susu alinifundisha hivyo kwa kijiti kwenye jivu, kabla sijaanza shule.

Javan alihama Machi mwaka jana. Anaishi Gaborone na mtu mwingine. Nilipokuandikia kwamba Javan yuko, sikudanganya, yuko, ila si hapa. Sikuwa nataka Mama ahesabu huzuni mbili. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na sikuurefusha. Nimechoka huku, Baba. Nimechoka na nyumba yenye kitanda kikubwa.

Nafika tarehe kumi na tisa kwa ndege ya jioni, peke yangu, na mkiniona nimekonda msiniulize pale uwanjani. Mwambie Wahome aje anichukue na hiyo Datsun, nimlipe asante kwa mdomo wangu. Baada ya hapo nitaendesha mimi. Kliniki ya Jumanne tutakwenda sote, na wewe utaonwa mkono huo kila mara Mama akisafishwa.

Mashine iache kwenye buti, na kitambaa chake kikae nayo, nacho kimefika Donholm. Na bomba usilitupe. Ikitokea siku nati imekataa tena, tutapanda watatu.

Mama yako na binti yako,
Mutheu